Mguu wa Kupandia Mlima

Karatu, Jumatano ya Majivu, 20 Februari 1980

Mpendwa mdogo wangu, Sista Antonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Morogoro? Kifua chako kimepona, au bado kinakubana asubuhi kama ulivyoniandikia wakati wa Noeli? Masista wenzako wote ni wazima? Sisi huku tupo. Shemeji yako Valeriani anakohoa kidogo lakini anakula, ng'ombe wawili wamezaa, na mvua bado inatuchungulia tu kutoka msitu wa Ngorongoro, haijashuka.

Kubwa nililo nalo ni kwamba Raphaeli amerudi. Ulisikia aliumia vitani Uganda mwaka jana. Mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Hospitali ya mjini walimwambia asubiri zamu ya kupata mguu wa bandia, akachoka kusubiri, akaja nyumbani na magongo. Mwanangu ni mzima, Antonia, namshukuru Mungu kila nikiamka. Ila Yohani wa jirani yetu Leonida, aliyeondoka naye siku moja, yeye hakurudi.

Petroli imekuwa shida na gari la barua linakuja likipenda. Kwa hiyo nimeamua nisikuandikie barua, nikuandikie siku. Nikipata nafasi nitaweka mistari, na masika yakiisha, barabara ikipitika, nitakutumia yote pamoja. Nina mambo ambayo mtu wa hapa siwezi kumwambia.

23 Februari

Uliniuliza kazi yangu ya karakana ni ipi hasa, maana mimi si fundi wala si muuguzi. Ni hivi. Nyuma ya zahanati ya misheni kuna chumba wanachotengeneza miguu ya bandia. Fundi ni kijana anaitwa Inosenti, amesomea Moshi. Hajui Kiiraqw wala Kimaasai, na mimi na wewe tulikulia Oldeani katikati ya lugha zote mbili. Mgonjwa anakaa kwenye benchi, mimi namuuliza anataka nini, kisha namwandikia fundi kwa Kiswahili.

Mwanzoni niliandika vile walivyosema: "Anataka kutembea." Inosenti akanirudishia karatasi.

"Mama Raphaeli, kila anayeingia humu anataka kutembea. Kutembea siwezi kukupima kwa futi. Niambie anatembea juu ya nini, amebeba nini, na akifika anakaaje."

Ndipo akaweka sheria yake: siku ya kupimwa, kila mtu aje na mzigo anaoubeba kila siku. Mmoja anakuja na ndoo, mwingine na mtoto mgongoni. Bibi mmoja wa Buger alikuja na kuni zake, akakataa kuzitua hata alipokuwa anapigwa plasta. Fundi anampima mtu pamoja na mzigo wake, kwa sababu anasema mguu haumbebi mtu peke yake, unabeba na maisha yake.

27 Februari

Leo nimecheka mpaka nikajilaumu, maana ni Kwaresima. Amekuja Mmaasai mmoja wa juu huko ukingoni mwa kreta, Moringe, aliyekanyagwa na nyati. Kaja na ndama. Ndama hai, kwenye lori la mbao.

"Ndama wa nini sasa?" fundi akauliza.

Moringe akanigeukia mimi, akaniita mama kwa Kimaasai. "Yeyo, mwambie huyu kijana. Si yeye aliyetuma watu waseme nije na ninachobeba? Ng'ombe akizalia malishoni, ndama nani anambeba? Yeye?"

Nikamuuliza anataka mguu wa namna gani. Akafikiri. "Kwanza usilie. Nimeona mzee mmoja wa Endulen, mguu wake unalia kama mlango. Mimi nikilia hivyo ndama watanikimbia, na fisi watajua nilipo. Pili, mimi nikichunga nasimama kwa mguu mmoja na fimbo. Huu uliobaki umesimama siku zote. Sasa na huyu mgeni naye asimame, mwenyeji apumzike."

Nikaandika hivyo hivyo. Fundi akasoma, na chini yake akaandika maneno yake: kifundo, kiwekwe ngozi kati ya chuma na mti, wayo uwe mpana, ubebe uzito wote peke yake, mikanda ipakwe mafuta ya kondoo kwa sababu ya umande. Nikatazama ule ukurasa. Juu mtu anaongea, chini mguu unaanza kuonekana. Hapo naipenda kazi hii, Antonia.

Ndama alichafua sakafu. Nimefagia mimi.

29 Februari

Leonida anakuja kila siku. Anapandisha kilima na kibuyu cha maziwa, anamsalimu Raphaeli, anakaa kwenye kigoda karibu naye.

"Mwanangu, Yohani alisema nini siku ile?"

"Alisema tukirudi atanunua dume la kulimia, mama."

"Aliumia sana?"

"Hakuumia, mama. Ilikuwa mara moja."

Basi anatikisa kichwa, anakaa kidogo, anarudi kwake na kibuyu kitupu. Boma lake liko pale pale njiani, ukitoka kwetu kwenda popote lazima upite mlangoni pake. Namwonea huruma inayouma. Usiku wa kuamkia safari vijana wale walikula ugali sahani moja jikoni kwangu.

3 Machi

Leonida amekuja. Maswali yale yale, na majibu yale yale.

5 Machi

Mvua imeshuka. Harufu ya udongo imeingia mpaka kwenye blanketi. Valeriani ametoka kutazama plau, ana furaha kama mtoto.

8 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Raphaeli. Alishuka kwa magongo, bila mzigo wowote. Baba yake ndiye aliyembebea mzigo, alikuja na nira ya ng'ombe begani mpaka Karatu, akaitua mbele ya fundi.

"Huo ndio mzigo wake. Huyu ni mkulima."

Raphaeli alikuwa anatazama dirishani, barabarani. Nilimuuliza kwa Kiiraqw kama ninavyowauliza wengine wote: mwanangu, unataka mguu wa kufanya nini?

"Andika unavyotaka wewe, aayo," akasema. Hakugeuka.

Basi nikaandika ninavyotaka mimi. Nyumba iko mlimani. Shamba liko kwenye mteremko. Anafuata plau, anapanda. Hana haja ya kiatu, tope letu linavua viatu.

Fundi akasoma. "Anapanda tu? Hashuki?"

"Kushuka ana fimbo," Valeriani akasema.

"Mzee wangu, nikikikunja kifundo kwa ajili ya mlima, mbele ya wayo inainuka. Mlimani atapanda vizuri. Kwenye tambarare goti litasukumwa mbele, litamsumbua."

"Tambarare anakwenda kufanya nini?"

Fundi akanitazama mimi. Ndiyo kazi yangu, kusema mgonjwa alichosema. Nikamwambia aandike mlima.

14 Machi

Mvua. Daraja la chini limechukuliwa. Nimepanda maharage.

15 Machi

Mvua. Leonida amekuja akiwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Nimemkausha kanga yake jikoni. Ameuliza maswali yake.

19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Nimemwomba Mtakatifu Yosefu, naye alikuwa fundi wa mbao, amwongoze mkono Inosenti.

26 Machi

Antonia, mwanangu ametembea.

Mguu ni wa mti wa mringaringa, kikombe kinapoingia kigutu kimefunikwa ngozi laini ya mbuzi, wayo una mpira wa tairi. Alipoufunga alikuwa mweupe midomoni. Tulirudi naye mpaka chini ya kilima kwa gari la misheni, akashuka, akaweka fimbo begani kama mtu anayekwenda kuchunga, akapanda. Akapanda tu. Mimi nilikuwa nyuma naangalia kisigino kikitua kwenye tope jekundu na vidole vya mti vikishika mteremko kama vidole vya mtu. Valeriani alikuwa juu kwenye migomba, alivua kofia.

Usiku nimesali kwa kushukuru mpaka magoti yameuma. Nikasema, Bwana, sasa amefika nyumbani.

30 Machi, Jumapili ya Matawi

Leonida leo hakuja na maziwa. Kaja na viatu. Viatu vyeusi vya Yohani, alivyonunua Arusha kwa ajili ya harusi ya kaka yake, vimepakwa rangi mpaka vinang'aa, na ndani ameweka magazeti visijikunje.

"Mguu wenu ni sawa," akamwambia Raphaeli. "Mlikuwa mkibadilishana viatu tangu shule. Pasaka uvivae. Nione tu viatu vinaingia kanisani."

Raphaeli akavipokea kwa mikono miwili. Angefanya nini kingine?

4 Aprili, Ijumaa Kuu

Njia ya Msalaba kwenye mvua. Raphaeli alibaki nyumbani akijaribu kuvaa kiatu kwenye wayo wa mti. Fundi alitengeneza wayo mpana wa kukanyaga tope, kiatu hakikutaka. Ameuchonga pembeni kwa kisu.

6 Aprili, Pasaka

Sijui niandike vipi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kanisa lilijaa. Sakafu ile mpya ya saruji, unaikumbuka, ni laini kama sahani. Raphaeli alifika vizuri kwa sababu kanisa liko juu ya barabara na alipanda. Wakati wa komunyo akasimama kwenye mstari, fimbo ameiacha kwenye benchi, nadhani alitaka kwenda kwa Bwana wake bila kushika kitu. Mimi niliona kabla hajafika katikati. Kiatu kina kisigino. Wayo wenyewe umekwishainuliwa mbele kwa ajili ya mlima, na kile kisigino kikamsukuma zaidi. Kila hatua goti lilikuwa linakunjika. Mara likakunjika moja kwa moja, akaanguka kifudifudi mbele ya altare, na mguu ukachomoka kwenye kikombe, ukabaki umelala peke yake kwenye saruji na kiatu chake cheusi kinang'aa.

Padre alisimama na hostia mkononi. Kwaya ilinyamaza ubeti katikati.

Aliyemfikia kwanza hakuwa mimi. Alikuwa Leonida. Alipiga magoti, akampitishia mikono kwapani, akamwinua kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akasema, na aliisema polepole tu, kama unavyomwamsha mtu nyumbani, "Inuka Yohani. Inuka, baba."

Yeye mwenyewe hakujisikia. Mimi nilisikia. Raphaeli alisikia.

7 Aprili

Raphaeli hali chakula, haongei. Mguu uko nyuma ya mlango.

8 Aprili

Nikuambie ukweli, nimemchukia Leonida. Amekuja na maziwa nikamwambia Raphaeli amelala, naye alikuwa ameketi pale pale, anamsikia. Nimesimama mlangoni kwangu na kumzuia mjane aliyefiwa na mtoto, siku ya pili baada ya Pasaka. Utanisemea kwa Mungu, wewe uko karibu zaidi.

10 Aprili

Tumerudi karakana na mguu kwenye gunia. Fundi akaugeuza, akaona Raphaeli alivyouchonga, akaona goti la suruali lililochanika. Safari hii hakunipa mimi karatasi. Alivuta benchi akakaa mbele yake.

"Kaka, mama yako aliniambia mlima, baba yako akaniambia nira. Wewe hujaniambia kitu. Unabeba nini?"

Raphaeli akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini:

"Mimi sibebi. Mimi ndiye niliyebebwa."

Akasema yote, Antonia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mguu ulipoondoka alikuwa barabarani na wenzake wamerudi nyuma. Yohani alitoka alikokuwa amejificha, akambeba mgongoni mpaka kwenye lori. Akamtua. Kulikuwa na mwingine analia kule kule, mtu wa Tabora, jina hawakulijua vizuri. Yohani akasema, namfuata na yule, nikirudi unipishe nafasi. Lori likaondoka bila yeye. Walimkuta kesho yake.

"Kwa hiyo hakusema habari ya dume la kulimia," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hilo.

"Dume alilisema siku nyingine, aayo. Siku ile alisema nimpishe nafasi. Sasa andika. Kilo za Yohani. Hizo ndizo ninazobeba."

Fundi akafuta mikono kwenye aproni muda mrefu.

"Hizo siwezi kuzipima," akasema. "Ningeweza ningekutengenezea."

13 Aprili

Baada ya misa Raphaeli alishuka kwa magongo mpaka kwa Leonida. Nilimfuata mbali kidogo, kama mama. Nilikaa nje kwenye kinu nikawasikia.

Alimwambia kila kitu. Hakumficha hata habari ya lori. Nilisubiri kilio, nikasubiri laana, nilikuwa tayari kuingia. Leonida akauliza:

"Alikubeba begani au mgongoni?"

"Mgongoni, mama."

"Mikono yako aliishika hivi, mbele?"

"Alishika hivyo."

"Ndivyo nilivyombeba," Leonida akasema. "Alikuwa mzito tangu utotoni, nilikuwa nalima naye mgongoni namshika mikono hivyo hivyo." Halafu, "Umekula? Hujala wewe. Kaa nikupikie."

Huyo ndiye mwanamke niliyemfungia mlango. Nililia pale kwenye kinu, kuku wakinitazama.

16 Aprili

Leonida anakuja asubuhi na jioni. Sasa haulizi kitu. Analeta chakula, anafua shati lake, juzi amemkata kucha. Anamwita "mwanangu", wala hakosei jina.

19 Aprili

Mvua kubwa. Migomba miwili imelala.

21 Aprili

Nilimuuliza Raphaeli mbona amekonda, hali Leonida anampikia vizuri kuliko mimi.

"Angenitukana ningekaa, aayo. Ningekuwa napita mlangoni pake nikitukanwa, naingia shambani, nalima. Lakini ananipa nyama ya kuku na yeye anakula mchicha. Kila ninachomeza ni cha Yohani."

Nikamwambia atazoea. Aliniangalia kwa upole, kama mimi ndiye mgonjwa.

25 Aprili

Moringe amerudi, amekasirika. Tulidhani mguu umevunjika. Hapana, ni mzima, unang'aa mafuta ya kondoo.

"Yeyo, huyu kijana wako ni hodari kupita kiasi. Mguu haulii hata kidogo. Nafika katikati ya ndama hawajanisikia, wanashtuka, wanatawanyika mpaka bondeni. Mke wangu Nalotuesha anasema natembea kama mwizi."

"Lakini wewe ndiye uliyesema usilie," fundi akasema.

"Nilisema. Nilikuwa sijatembea nao bado. Sasa nirudishie kelele kidogo. Isiwe ya mlango. Iwe ya mtu."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini, akatoa kipande kimoja cha ngozi. Moringe akazunguka ua akijisikiliza, akaridhika, kisha akasimama nje kwa mguu wa mti peke yake, ule mzima ameukunja, anapiga mluzi.

Mimi sikucheka leo. Yule alipewa alichosema kikawa si chenyewe, akarudi akasema tena, na tukamsikiliza. Wangu mimi sikumwacha aseme hata mara ya kwanza.

28 Aprili

Raphaeli alikuja karakana peke yake kwa magongo, bila kuniaga nyumbani. Niliinua macho nikamwona mlangoni na sanduku amelifunga mgongoni. Lile la bati la kijani alilokwenda nalo jeshini. Akaliweka kwenye mizani ya fundi.

Mwenzake mmoja wa hospitali amempatia kazi ya kutunza bohari huko kwenu Morogoro. Barua alikuwa nayo tangu Februari. Alikuwa nayo mfukoni siku ile anatazama dirishani.

Fundi akanisogezea karatasi na kalamu. Nikamuuliza mwanangu kama ninavyowauliza wote, na safari hii nikasubiri.

"Unatembea juu ya nini?"

"Lami. Saruji. Ngazi za basi."

"Unabeba nini?"

"Sanduku, mkono wa kulia."

"Ukifika unakaaje?"

"Kwenye kiti, aayo. Peke yangu."

Nikaandika. Sikuacha hata neno moja alilosema, na nikaongeza moja alilosahau: avae kiatu chenye kisigino, viatu vyeusi, vipo nyumbani. Fundi akaandika chini: wayo mwembamba, kifundo kinyooke, urefu upimwe kiatu kikiwa mguuni, uzito uegemee kulia. Juu mwanangu anaongea, chini mguu wa kuondokea unaonekana. Niliupenda ukurasa ule siku ya ndama. Leo nilitamani kuula.

29 Aprili

Valeriani ameambiwa. Alikuwa ananoa jembe.

"Umemtengenezea mwanangu mguu wa kutukimbia."

"Ule wa kwanza tulijitengenezea sisi, baba Raphaeli. Yeye alikuwa anautembelea tu."

Amelala bila kula. Mimi pia.

4 Mei

Rozari kwa jirani. Leonida amesali fumbo la tano, kukutwa kwa Mtoto hekaluni. Sauti haikukatika. Yangu ilikatika.

9 Mei

Mvua inapungua. Mahindi yamefika kiunoni. Valeriani anafuata plau mwenyewe kwenye kipande cha juu, namwona kutoka jikoni anasimama kila mwisho wa mstari kushika kiuno.

12 Mei

Mguu umekwisha. Ameujaribu kwenye baraza la zahanati, huku na huku na sanduku lake. Haanguki. Anatembea kama mtu yeyote unayepishana naye mjini, na hilo ndilo lililoniuma, alivyofanana na mtu yeyote.

Ule wa mlima ameniachia. Nimeutundika nyuma ya mlango.

15 Mei, Kupaa kwa Bwana

Ameondoka.

Basi la Arusha lilipita asubuhi, la kwanza tangu daraja litengenezwe. Ukungu ulikuwa mzito. Kushuka kilima kulimpa shida sana, mguu wa tambarare hautaki mteremko, akashuka kinyumenyume akinishika mabega, mimi chini yeye juu, kama nilivyomfundisha kushuka ngazi za ghala akiwa mdogo. Baba yake alibeba sanduku mpaka barabarani. Alipolitua alilifuta tope kwa mkono wa shati lake.

Tulipita kwa Leonida. Alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kanga. Raphaeli alitaka kuvua viatu amrudishie, akainama kabisa kushika kamba.

"Viache," Leonida akasema. "Vimekaa miaka miwili kwenye magazeti, viende mahali."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe si ulimpisha nafasi? Lori ndilo lililoondoka." Akamtengeneza kola. "Nenda. Usipokula nitajua."

Kwenye ngazi za basi alipanda mwenyewe. Mguu mzima kwanza, kisha ule wa mti, kama fundi alivyomfundisha. Hakuanguka. Nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, kwamba ateleze kidogo tu.

18 Mei

Jana kulinyesha, manyunyu ya mwisho mwisho. Nilikuwa narudi kutoka karakana, nikamwona Leonida nje ya boma lake amechuchumaa, anapanga mawe kuzunguka karai lililofunikwa chini pale njiani. Nilidhani amefunika kifaranga.

"Una nini hapo, mama Yohani?"

Akainua karai kidogo nione. Ni unyayo wa kiatu kwenye tope, wa kushoto, kisigino na soli na hata alama ya msumari mmoja uliotoka. Pale Raphaeli aliposimama akiagwa. Mguu mzima ulikuwa kwenye majani, haukuacha kitu. Ni huu wa mti tu ulioandika.

"Jua likiwaka siku mbili tatu utakauka," akasema. "Mvua hii ndiyo inaniharibia."

Nimechuchumaa naye. Tukaupanga ule ukingo wa mawe vizuri, maji yapite pembeni. Kisha akaingia ndani akaniletea maziwa, nami nikayanywa.

Basi mdogo wangu, karatasi zimejaa na barabara imefunguka, nakutumia kwa posta. Nilitaka kumpa Raphaeli akuletee mwenyewe, nikaona amebeba vya kutosha. Ameniahidi Jumapili moja atakuja kukusalimu baada ya misa. Usimwambie yote niliyoandika humu. Mwache atembee mbele yako kwenye ua wa konventi, umwangalie. Kisigino kinatua kwanza, au vidole? Goti linakaa sawa? Akishuka ngazi anashika ukuta? Mwangalie kigutu kama kina wekundu, atakuficha. Na umuulize anabeba nini siku hizi, umpe nafasi ajibu mwenyewe. Uniandikie kwa maneno yake, usitengeneze, fundi amesema kama kuna kitu kinamwuma atatengeneza mwingine na kumtumia.

Valeriani anakusalimu, Leonida naye anakusalimu, ameuliza kama Morogoro kuna tope. Nijibu upesi, Antonia. Nijibu hata ukurasa mmoja.

Mimi dada yako,
Evarista